Siku Jua Lilipomsubiri Baba

Juzi nilimwona mlinzi akishuka kwenye basi la kampuni. Jua la jioni lilimpiga usoni, akatabasamu peke yake. Nikageuza uso.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala huko Al Quoz, mtaa wa viwanda wa mji wa ughaibuni tulikoishi. Msimu wa baridi alitoka na giza akarudi na giza, sare yake ikinuka maboksi na jasho. Kila mwaka alituahidi, "Siku jua likinisubiri, tutakula halua."

Alasiri moja nilikuwa nikicheza na wenzangu wa shule mbele ya jengo letu. Basi likasimama, baba akashuka kungali mwanga. Nilidhani amefukuzwa kazi. Sikujua kwamba basi lilikuja saa ileile ya kila siku; mchana ndio uliokuwa umerefuka. Baba akainua kopo la halua juu. "Mwanangu, njoo! Jua limenisubiri!"

"Nani huyo?" mwenzangu akaniuliza kwa Kiingereza.

"Simjui," nikajibu kwa Kiingereza hichohicho.

Baba akashusha kopo. Akasogea, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, "Samahani, madam. Nimekufananisha na mwanangu."

Nyumbani halua ilinukia iliki na zafarani. Alinikatia kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote, wala hakumwambia mama neno.

Tangu mwaka ule, kila jua liliporudi kumsubiri, baba alizunguka jengo akaingia kwa mlango wa nyuma.