Dawa ya Fukusi Haikaushi Mahindi

Mwanangu, inanijia mara nyingi siku ile ya kuamkia harusi ya dada yangu Tusekile, kule kwetu Mbebe. Shangazi zetu walikuwa wanaimba jikoni. Baba, mtu wa kicheko kikubwa, akatuita ghalani tutoe mahindi ya ugali wa wageni.

Mwaka ule tulivuna milima imefunikwa ukungu, jua linachungulia tu. Mahindi yaliingia ghalani yana unyevu. Lakini Baba alikuwa ameyachanganya na dawa ya unga ya kuzuia fukusi, basi hakuwa na wasiwasi.

Akafungua gunia. "Tazameni, hakuna hata punje yenye tundu!"

Kweli. Ila tulipolimwaga, mahindi ya katikati yalikuwa yameshikana mabonge, yana kuvu ya kijani. Gunia la pili vilevile, na la tatu.

Baba mdogo akasema, "Tuyaoshe, tuyakoboe. Nani atajua?"

Tusekile alikuwa mlangoni, nywele zimesukwa nusu. "Baba, wakwe zangu wanakuja na watoto wadogo. Mkiwapikia haya, mimi kesho siolewi."

Baba akamtazama mwanawe, akavua koti, akashika jembe. Tukachimba shimo nyuma ya zizi tukayafukia yote, hata kuku wasiyaguse.

Wageni walikula viazi na maharage. Wakacheka, wakaiita harusi ya viazi, wakacheza mpaka vumbi likatanda uani. Ah, laiti ningemsikia tena Baba akiongoza nyimbo zile!

Sasa unalima Msangano, mwanangu, na maduka ya Tunduma yamejaa dawa za kila aina. Zitumie, lakini ujue kila moja na kazi yake. Ya fukusi huua fukusi. Punje mbichi itaota kuvu hata ukiipaka dawa. Dawa ya kuvu, ile ya kupulizia shambani, usiipunguze kipimo ili ikutoshe. Bwana shamba wetu alituambia kuvu iliyodhoofishwa bila kufa wakati mwingine huzidisha sumu inayoiacha kwenye punje. Na sumu hiyo haiishi kwa kuosha wala kwa moto wa jikoni. Anika mahindi juu ya turubai. Tia punje kwenye chupa kavu yenye chumvi, utikise. Chumvi ikinata chupani, bado yana unyevu, yarudishe juani.

Mungu aibariki mikono yako. Ghala lako lijae, na kila alaye kwako aamke mzima.