Mama Alivyotangaza Safari

Mama yangu, Penina, hasafiri bila kuombewa. Hata akienda Moshi tu, lazima atajwe kanisani kwetu Kikwe. Tangu apate simu ya kisasa, anataka dunia nzima imwombee.

Mwaka jana kwaya yao ilipokwenda Tanga, alitangaza mtandaoni kabla basi halijaondoka: basi gani, watalala wapi, watarudi lini. Chini akaandika: "Mzee wangu, Sumari, nimemwacha nyumbani. Mkitaka kumjulia hali, namba yake ni hii."

Nikampigia. "Mama, wanaosoma hayo si wanakwaya peke yao."

"Nancy, nawe una maneno. Mtu ataniombeaje kama hajui nilipo?"

Kesho yake nilikuwa Kikwe nampikia baba ndizi simu yake ilipoita. Baba huweka spika kila akipokea, nikasikia kijana mmoja, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee. Bwana Yesu asifiwe. Mama Penina amepata ajali hapa Tanga, hajitambui. Kuna namba zinaingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee haraka ahudumiwe."

Baba akamwambia yule kijana, "Msogezee simu sikioni, mwanangu. Nimwombee kwanza."

Baba ni mzee wa kanisa na hajawahi kuomba kwa kifupi. Akavua kofia, akafumba macho, akaanza kwa Kimeru, taratibu, tangu siku ya ndoa yao. Kabla hajafika hata kwa mtoto wao wa kwanza, kijana akakata.

"Ni tapeli, baba. Hizo namba zingemfungulia simu yako yote, hata pesa zako. Habari za safari kazisoma kwa mama mwenyewe."

"Basi mpigie mama yako."

Nikapiga. Hapatikani. Nikarudia, hapatikani. Baba akaenda kukaa mlangoni, ndizi hakuzigusa. Mimi niliyekuwa nimepanga kumsema mama mpaka achoke, nilijikuta nataka kusikia sauti yake tu.

Jioni akapiga mwenyewe. Walikuwa wanaimba, simu zote zimezimwa. Nikamweleza.

"Nafuta yote sasa hivi," akasema. "Nipe baba yako."

Baba aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Baba Nancy, mbona husemi?"

"Sema wewe, mama. Sema chochote."

Mama akaanza kumsimulia wali wa nazi waliopikiwa mchana. Baba aliitikia "eeh" kila mama alipovuta pumzi, na machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.