Vichanja vya Mama na Umeme wa Kuuza

Kaka yangu hakosi jambo la kutufundisha. Alitufundisha kufuga sungura, wakafa wote. Akatufundisha kulima vanila, haikuota hata mche mmoja. Mwaka juzi alirudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda kumtembelea kaka wa mkewe, kifua mbele kama diwani aliyeapishwa jana.

"Mulamu wangu anauza jua," alitutangazia sebuleni kwa mama, kijijini Hasamba. Eti shemeji yake ana paneli za sola, umeme unaomzidi unaingia kwenye nyaya za serikali, naye analipwa. "Jua la kwake na la kwetu si moja? Kutoka hapa hadi kwake ni pua na mdomo!"

Jua ni moja, sikatai. Lakini kaka hajawahi kujiuliza swali la pili maishani mwake.

Mimi nina kibanda cha mitumba Tunduma, na Jumapili hurudi nyumbani. Wiki hiyohiyo nilipita ofisi ya umeme kuuliza. Dada wa dirishani alinijibu huku akitafuna andazi: mambo hayo yanategemea mahali. Kuna mikoa watu wanapewa hela, kuna mikoa wanapunguziwa bili tu, na kwa laini yetu ya Hasamba hawapokei umeme wa mtu hata akiutoa bure. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba nimemwomba mumewe.

Sikumwambia kaka. Nasema wazi, nilitaka aumbuke. Mtu anayekuita "mama mitumba" mbele ya watoto wako, wa nini kumwokoa?

Akanunua paneli. Paa la nyumba ya mama lilifunikwa na kivuli cha mparachichi, na kuukata mti ni kazi, naye kazi haipendi. Macho yake yakaangukia vichanja vya mama, zile meza ndefu za waya anazoanikia kahawa yake ikishamenywa. Marehemu baba alivijenga pale panapopata jua tangu asubuhi hadi jioni. Kaka akazifunga paneli juu yake, vichanja vyote, halafu akapiga picha.

"Na kahawa nitaianika wapi?" mama aliuliza. Kahawa ya mwaka ule ilikuwa ya kulipia jicho lake. Moja lilishaziba kwa mtoto wa jicho, na daktari alikuwa akimsubiri alitengeneze.

"Chini, mama, kwenye turubai. Kahawa ni kahawa."

Mtu amezaliwa Mbozi, amesomeshwa kwa kahawa, anatamka hivyo na meno yake yote yamo mdomoni!

Msimu ukafika. Mama alishinda amechuchumaa, akigeuza kahawa kwa mikono, akifukuza kuku, na kila asubuhi turubai lilikuwa limelowa kwa chini. Mwenye miradi alikuwa kibarazani, shati limenyooshwa, akisubiri watu wa umeme waje kumbadilishia mita. Kila pikipiki iliyopita, aliinuka. Jumapili nilikuwa nikimtazama dirishani na kucheka hadi nashika mbavu.

Hatimaye fundi mmoja alikuja. Hata kofia hakuvua. "Mkubwa, huku bado," alisema, akaondoka. Kaka akasema fundi yule hajasoma.

Siku ya kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika tulikwenda sote watatu. Mpokeaji alichota punje kiganjani, akanusa, akalisukuma gunia pembeni. "Imeshika udongo, mama. Daraja la mwisho." Mama aliuliza mara mbili kama ni gunia lake kweli. Alipopigiwa hesabu, ya jicho haikutosha.

"Kule kwa mulamu wanalipwa," kaka alinong'ona. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Hapa hawalipi! Hawajawahi kulipa!" nilimpasulia mbele ya foleni nzima. "Mimi nilijua tangu wiki ile ya kwanza. Nilikwenda ofisini, nikauliza, nikajibiwa!"

Kaka aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tukiwa watoto, na sitaficha, nilisikia raha.

Mama aligeuka taratibu, akanitafuta kwa jicho lililobaki mpaka akaniona.

"Wiki ya kwanza," alisema. "Kahawa yangu ilikuwa bado mtini, mwanangu."