Mheshimiwa Aliyeazima Kaburi la Nkambo

Sikumpenda yule mtu alipokuwa hai, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu amekufa. Najua kwamba marehemu husemwa kwa adabu. Yeye alisimama juu ya kaburi la nyanya yangu bila adabu yoyote, kwa hiyo mimi na yeye hatudaiani.

Siku zile hatukusema mbunge. Chama kilikuwa kimoja, na aliyetumwa kukaa bungeni Kinshasa aliitwa komiseri wa wananchi, na kila mtu mzima aliitwa citoyen, yaani mwananchi. Huyu wetu alikulia Likasi kama mimi, katika nyumba za kampuni ya madini, ila wao walikaa mtaa wa makarani wenye mabomba ndani ya nyumba na sisi tulikaa mtaa wa chini, tukipanga ndoo foleni. Baba yake alitoka mbali, na mama yake pia. Alisoma kwa mapadri, akapata meza katika ofisi ya wafanyakazi, na hapo akajifunza kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote, kuwakalisha watu kwenye benchi. Nilikaa kwenye benchi lile nilipoomba kazi ya karakana. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona akinywa chai, na yeye akaniona ninamwona, akaongeza sukari.

Chama kilipotafuta mtu wa kuwakilisha vijiji vya upande wa ziwa Tshangalele, kilitaka mwana wa kule. Bwana huyu alilijua ziwa kwa samaki wa Jumapili tu. Kijiji hakuwa nacho, akawa anakihitaji haraka.

Ziwa lenyewe lilitengenezwa na watu. Waliziba mto ili wapate umeme wa mitambo, maji yakapanda yakafunika mashamba ya zamani na makaburi yote. Watu wakahamia kwenye mwinuko. Wa kwanza kufa pale juu alikuwa mama ya mama yangu, nkambo kama tunavyosema, na kaburi lake ndilo lililofungua makaburi mapya. Kwa watu wa upande ule mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo uliotangulia kuzika mahali ndio wenye ardhi ya mahali. Hakuna aliyeliandika jambo hilo, na hakuna aliyekuwa na shida nalo. Mama yangu alilima kando ya kaburi lile mahindi na mihogo, akiongea na mama yake huku akipalilia, mara nyingi kwa kumlaumu.

Alirudi huko baada ya baba kufa kwa kifua na kampuni kuchukua nyumba yake. Mimi nilibaki Likasi na kazi yangu ya karakana, nikienda kumwona kila nilipopata nafasi kwenye lori la samaki. Ni kwenye lori kama hilo dada yangu alifariki, uchungu wa kuzaa umemshika, wakijaribu kumfikisha hospitali ya mjini, barabara ikiwa mashimo matupu. Tangu siku ile mama alikuwa na neno moja mdomoni, dispensari. Ungemsalimu asubuhi angekujibu kwa dispensari.

Chifu wa kijiji alilijua neno hilo. Alimleta yule bwana uani kwa mama, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya chama isiyo na tai, na viatu vya kung'aa, siku ambayo nami nilikuwapo.

"Mama," chifu alisema, "huyu citoyen iko na nguvu kule juu. Lakini huku haiko na muntu. Umupatie mama yako siku moja tu, alie pale kwa kaburi, bantu ba chama bamuone."

"Na minye nitapata nini?"

Bwana akajibu mwenyewe, kwa sauti ya ofisini. "Mama, dispensaire, barabara, na courant. Njo kazi yangu ya kwanza, sérieux."

Umeme! Nyaya nene zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na chini yake watu waliwasha koroboi. Nilimwambia mama hapo hapo kwamba huyu ni mwongo. Mama akanigeukia. "Weye iko na dispensaire ya kunipa?" aliniuliza. Sikuwa nayo. Nilikasirika, lakini sikuwa nayo.

Wakaja watu wa chama na mpiga picha. Bwana alipiga magoti kwenye udongo, akamwaga bia, akalia. Alilia vizuri, nakiri, hata kamasi ilimtoka. Katikati ya kilio aliinamisha kichwa kwa mama yangu aliyekuwa amesimama kando yake, akanong'ona, "Jina yake nani?" Mama akamwambia. Akainua kichwa, akaliita jina la nkambo kwa nguvu kuelekea ziwani, na watu wa chama wakafuta macho. Mimi nilitamani kumsukuma aangukie pale pale na bia yake.

Uchaguzi ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mwaka ule hapakuwa na karatasi. Ngoma zilipigwa, wachezaji wa chama wakakata viuno tangu jua lilipochomoza, kisha mtu akasoma jina, moja tu, akauliza kama tunamtaka. Tukapiga makofi. Wanamgambo walizunguka kutazama mikono ya watu, kwa hiyo na mimi nilipiga. Mama alipiga kuliko wote, kwa sababu yeye alikuwa anaipigia makofi dispensari.

Msingi ulichimbwa, hilo nalo niliseme. Kuta zikapanda mpaka magotini. Halafu likaja lori likapakia matofali yaliyobaki, na siku chache baadaye tukayaona juu ya mwinuko, yakijenga nyumba ya shamba ya Mheshimiwa. Alikuwa amejipatia ardhi yote ya pale juu kwa mihuri ya serikali. Mtu wa zone, yaani wilaya, alipouliza kama wenyeji wanakubali, akajibiwa kwamba mwenyeji ndiye yeye, mama yake si amezikwa pale? Picha ilikuwapo. Ukafuata uzio wa waya, mlinzi na ng'ombe. Mahindi ya mama yaliliwa na ng'ombe wa yule mwana wa kuazima wa nkambo, na mama akabaki upande wa nje wa waya, akimwona mama yake kwa mbali.

Tulikwenda kumwona nyumbani kwake Likasi, mama na mimi. Alitupokea barazani, hakutukalisha kwenye benchi, alitupa viti na Fanta baridi. Mama hakudai shamba. Alisema anaumwa tumboni, daktari amemwambia hatapona, na anataka kitu kimoja tu, kuzikwa kando ya mama yake. Bwana alimsikiliza ameinamisha kichwa, kisha akamwekea mkono begani.

"Mama," alisema, "nakuhurumia. Lakini pale anapumuzika mama yangu. Siwezi kuingizapo bantu ba inje."

Nilimtazama machoni nikitafuta aibu, au hata mzaha. Hapakuwa na kitu. Alikuwa ameshaamini. Nikasimama, na mlinzi wa mlangoni naye akasimama. Mama alinivuta shati nikakaa, akamaliza Fanta yake taratibu mpaka chupa ikabaki tupu, akashukuru, tukaondoka.

Njiani nilitukana matusi yote ninayoyajua. Mama alikuwa anacheka, akishika tumbo kwa maumivu.

"Umesikia venye amesema? Iko mama yake. Bon. Kama iko mama yake, minye niko nani kwake?"

"Hauko kitu kwake, mama."

"Minye niko yaya yake," alisema, maana yaya kwetu ni dada mkubwa. "Nikikufa, musinipeleke kwa makaburi ya mujini. Munipeleke kwa kaka yangu."

Alifariki wakati wa uchaguzi mwingine. Utaratibu ulikuwa umebadilika, chama kilikuwa kimoja bado lakini kiti kimoja kiligombewa na watu kadhaa, na kila mmoja alikuwa anachimbua takataka za mwenzake. Mheshimiwa alikuwa na wageni barazani, wakubwa wa chama kutoka Lubumbashi, wakila bukari, ugali wa kwetu, na samaki, tulipoingia uani kwake Likasi na jeneza mchana kweupe. Nyuma yetu walikuja wanawake wa kijiji waliojazana kwenye lori, vitambaa vimefungwa viunoni, wakilia kwa sauti mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Tuliliweka jeneza chini ya ngazi za baraza. Mzee mmoja wa ukoo wetu akasema maneno aliyoagizwa na marehemu.

"Mutoto ya mama, tumekuletea yaya yako. Uzike."

Nilimwona akihesabu kichwani. Angesema hamjui, basi kaburi si la mama yake, kijiji si chake, shamba si lake, na wagombea wenzake wangelisikia kabla jua halijazama. Wageni waliacha kula. Aliweka chini tonge lake, akanawa mikono, akashuka ngazi moja moja. Alipofika kwenye jeneza akalia. Kamasi ile ile.

Kwa hiyo mlinzi alifungua uzio, na mama akaingia kwenye shamba lake akiwa amebebwa. Shimo lilichimbwa pale alipotaka, bega kwa bega na nkambo. Mheshimiwa alilipa jeneza, akaleta unga na bia, akasimama mbele ya watu kama kaka wa marehemu, na mimi, kwa desturi, nikasimamishwa ubavuni mwake. Watu walikuja mmoja mmoja kumpa pole mjomba na mpwa. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, mzito, unanuka sabuni ya kizungu. Niliuacha ukae kwa sababu shimo lilikuwa bado wazi.

Kwetu, kabla ya udongo wa kwanza, mkubwa wa ukoo humwita marehemu kwa jina lake ili wale waliotangulia wajue ni nani anakuja. Wanawake walikuwa wanangoja. Bwana akainamisha kichwa upande wangu, akanong'ona bila kufungua mdomo.

"Mupwa. Jina yake nani?"

Nilikuwa nimemsikia vizuri. Nilitazama maji ya ziwa.

"Mupwa," akarudia, na mkono ukanibana bega.

Nyanya yangu aliazimwa, na ardhi yetu ikaenda naye. Makofi yangu yaliazimwa, na ilibidi mama yangu aazimwe akiwa maiti ili apate mahali pa kulala. Nilifunga mdomo.

Mheshimiwa alikohoa. Alisema, "Yaya yangu." Akasema tena, "Yaya yangu mupenzi," na hapo akakwama. Wakubwa wa chama walitazamana. Bibi mmoja mzee, rafiki wa mama wa kuuza samaki, akapaza sauti kutoka nyuma, "Umuite!" Wanawake wengine wakadakia, "Umuite! Umuite yaya yako!" Jasho lilimtoka kwenye kola ya abakosti, na mkono ukaondoka begani kwangu.

Nikasogea mpaka ukingoni mwa shimo nikamwita mama yangu kwa jina lake, mara moja, na wanawake wote wakaitikia.