Sakafu ya Vizibo

Baba yangu alikuwa askari magereza, na mpaka leo sisi watoto tunamwita Afande. Nyumbani kwake Nabuyonga, Mbale, kila asubuhi alimwaga ndoo ya maji ya sabuni sebuleni, akasugua vigae kama wafungwa walivyosugua korido huku yeye akiwasimamia. Vigae vile alivichagua mwenyewe, vinang'aa mpaka unaiona pua yako. Asubuhi moja vikamtupa chini, akavunjika nyonga.

Alipotoka hospitali nilimwambia wazi: akianguka tena anahamia kwangu Bugembe, karibu na Jinja, na hakuna mjadala. Alininunia. Nyumba ile waliijenga na marehemu mama, kila tofali analijua. Kumtoa pale ni kumuua polepole, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote. Niliogopa kweli.

Dawa niliifahamu kwa miguu yangu. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Jinja. Zamani jiko letu lilikuwa na sakafu ya saruji, nikawa narudi nyumbani magoti yanawaka moto. Mwenye nyumba alipotandika lile gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, nilicheka sana. Wazungu na mambo yao! Baadaye kicheko kiliniishia. Ukiikanyaga sakafu hiyo inabonyea kidogo, asubuhi haina baridi, na sufuria ikianguka mgeni aliyelala hashtuki. Mti wenyewe haukatwi, unachunwa gome tu, nalo linaota tena. Sakafu yake haipendi maji yakituama, na miguu ya kabati zito huiachia alama, lakini nani hana kasoro?

Yalibaki maboksi ya vipande vyake ya kutosha sebule moja, mwenye nyumba akaniuzia. Shida ikaja kwenye neno. Nilimpigia Afande simu nikamwambia namletea sakafu ya vizibo. Yule ni mlokole, na miaka yote kazini alikuwa akipokonya watu chupa za waragi, ile pombe kali, zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi. Leo yeye ndiye atandikiwe vizibo? Akaniuliza kama Jinja wamenifundisha kunywa, na majirani watapita wapi wasicheke.

Nikaona simu haitasaidia. Nilikwenda Mbale na kipande kimoja, nikakiweka chini, nikamwomba avue viatu. Akasimama juu yake, mkongojo mkononi, uso wa gwaride. Kisha akasema ni kama nyumba ya bibi yake, iliyokuwa imesiribwa sakafu kwa samadi ya ng'ombe, haiumi mguu. Kesho yake nikamwita fundi.

Fundi akasawazisha juu ya vigae, akabandika, akapaka vanishi. Ugomvi wenyewe ukawa ndoo. Nilimweleza Afande kwamba sakafu hii inafagiliwa, kisha inapanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Akasema huo si usafi, ni uvivu. Nami hasira ninazo, nimezirithi kwake. Nikaibeba ile ndoo mpaka Bugembe. Aliacha kunipigia simu. Angeweza kununua ndoo nyingine sokoni, nami kila siku nilingoja kusikia amenunua.

Juzi mchana, nikiwa nakaanga samaki, simu ikalia.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akiwa mpole, "mimi nimeanguka."

Nikazima jiko. Tayari nilikuwa nafikiria kitanda chake nitakiweka chumba gani Bugembe, na kufuli gani litafunga nyumba ya mama.

"Umeumia wapi, Afande?"

"Hapana umia. Kikombe pia iko nzima. Ni chai tu imemwagika."

Nikajifuta uso kwa aproni. Akadhani sijasikia, akapandisha sauti.

"Nimepangusa na kitambaa," akasema. "Nimekamua kwanza."