Sarafu ya Tembo ya Bibi Yustina

Sisi tuliokulia Kitahana kabla ya simu tulijifunza kuhesabu kwa punje za maharage, na dhahabu tuliijua kwa kuipapasa shingoni mwa Bibi Yustina, mama yake baba. Alivaa sarafu moja kwenye uzi mweusi. Tukishamaliza bugali, mikono bado inanuka moshi wa jikoni, tuligombania zamu ya kuishika: upande mmoja tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai wa Wajerumani.

"Musiivute," alikuwa akituambia. "Baba yangu alirudi nayo vitani."

Baba yake alikuwa mpagazi wa jeshi, na ndiye aliyeitoboa tundu ili isipotee.

Mwaka dada yangu Leonia alipochaguliwa kwenda sekondari, mvua iliozesha maharage yetu shambani. Jioni moja Baba alisema hana kingine cha kuuza apate ada. Kesho yake Bibi akaifungua sarafu mwenyewe, akanishika mkono, tukapanda basi hadi Kasulu kwa sonara.

Sonara aliigeuzageuza, akaipima kwenye mizani, kisha akamwita mkewe aje aone.

"Mama, ningekuwa na tamaa ningeiyeyusha leo hii nitengeneze hereni. Hii ni ya Tabora. Vita vya kwanza, Wajerumani walizibiwa njia ya bahari, pesa zikawaishia, wakagonga hizi kwenye karakana ya reli. Ona hiyo T chini ya tembo. Wakusanyaji wanazitafuta hadi Ulaya."

"Basi bei ni nzuri."

"Ingekuwa nzuri zaidi. Tundu limeiharibu. Mkusanyaji anataka sarafu nzima."

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Bila tundu ingepotea zamani. Wewe ungeiona wapi?"

Sonara alifungua droo ya pesa. Alitulipa kama sarafu ya kale, si kama kipande cha dhahabu tu, na Leonia akaenda shule na godoro jipya. Leo ni muuguzi Kibondo.

Wanangu wameitafuta sarafu hiyo kwenye simu. "Bibi alipigwa!" wanapiga kelele, wakinionyesha bei za mnada. Labda. Mimi nakumbuka tukirudi alijifunga kanga hadi shingoni, na mpaka anakufa hakuwahi kuitaja mbele ya Leonia. Watu wa wakati ule walitoa hivyo. Siku hizi mtu akikuletea mkungu wa ndizi, picha yake imeshaufikia ukoo mzima kabla ndizi hazijaiva.