Gari la Ochen Limekataa

Justine wa Sikuda ni dereva wa samaki. Anapakia sangara Majanji, anawashusha sokoni Tororo, na harufu yao haimtoki hata akienda kanisani amejimwagia marashi. Wanaume waliomcheka alipoanza wamechoka kucheka; siku hizi wakinasa matopeni yeye ndiye wanayempigia simu. Jumamosi gari hilohilo linaoshwa kwa sabuni ya unga, viti vya nyuma vinang'olewa, na linabeba maiti kwenda kuzikwa. Watu wa huku wanakufa siku yoyote, lakini mazishi ni Jumamosi.

Jumamosi moja maiti ilikuwa ya Ochen, mwenye gari. Yeye ndiye aliyemfundisha Justine kuendesha, kwa kelele na matusi madogomadogo, na kumpa kazi wakati hakuna mtu aliyetaka kumpa. Sharti lake kuu lilikuwa moja: usiondoe gari kabla hujalizunguka kwa miguu. Akikukuta umerukia kwenye usukani bila kuzunguka, anakushusha mbele za watu kama mtoto. Presha ilimwangusha ghafla, na Justine alikuwa bado hajalia. Alijiambia kwamba dereva akilia haoni barabara.

Alimchukua mochwari asubuhi, akampitisha nyumbani kwake ukingoni mwa Tororo ili nyumba imuage, kama ilivyo desturi. Pale Ochen aliishi na mama yake, Mama Asio, mzee mwembamba ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo tu. Mchungaji aliomba, akaomba tena, na jua likapita utosini. Kule Buteba, kijijini kwa ukoo wake, kaburi lilikuwa limechimbwa tangu alfajiri. Kaburi la nyumbani kwao halilali wazi. Likikosa mwenyewe hadi giza liingie, wanasema, litajitafutia mwingine wa ukoo huohuo. Kwa hiyo maombi yalipokwisha watu walikimbilia basi la waombolezaji, Mama Asio akaachwa ndani apumzike hadi aje kuitwa, na Justine akarukia kwenye usukani. Hakuzunguka.

Injini iliwaka vizuri. Akakanyaga breki, akavuta gia itoke kwenye P ya kuegesha. Haikutoka. Akazima, akawasha, akavuta kwa mikono miwili. Gia ilikaa palepale.

"Amekataa!" Anjeline, dada ya Ochen, alipiga kelele kutoka kiti cha pembeni, alikofikia kwa mlango wa dereva kwa kuwa upande wake ulibanwa na ua. "Mimi nilijua. Huyu mtu hataki kwenda."

Watu wakashuka kwenye basi. Wakalikusanyikia gari upande wa mlango wa dereva, bila hata mmoja kuligusa. Anjeline akageuka kwenye kiti, akaliinamia jeneza.

"Ochen, ndugu yangu, nani amekukosea? Sisi naomba msamaha. Kaburi iko wazi na jua nakwenda. Unataka ikule nani?"

Justine alihisi baridi mgongoni katika joto lile. Ni mtu wa gari, haamini mambo hayo. Tuseme haamini sana.

Patroba, dereva mwenzake kutoka Busia ya Kenya, alisogea akikunja mikono ya shati. "Wachana na stori za wafu, Justine. Kanyaga breki nicheki taa." Akasimama nyuma, kwenye kona ya gari. "Zii! Hakuna taa. Gari haijui umekanyaga, ndiyo maana imejifunga."

"Fyuzi?"

Wakafungua kifuniko, wakaichomoa fyuzi, wakaiangalia juani. Ilikuwa nzima.

"Basi tusisumbuke," Patroba akasema. "Kuna katundu hapo kando ya gia. Ukidunga na bisibisi, inatoka tu. Ngoja nilete yangu kwa basi, tutengeneze tukishazika."

Alipokwenda, Justine akainama chini ya usukani, akapapasa kule juu ya pedeli ya breki inapokaa swichi ya taa za breki. Vidole vikakutana na waya unaoning'inia. Plagi ilikuwa imechomolewa.

Akaganda akiwa ameinama vilevile. Huo ulikuwa mchezo wa Ochen. Kila alipoegesha mahali asipopaamini, alichomoa plagi ile: mwizi angewasha gari vizuri kabisa na gia ingemkatalia. Hakuna mtu aliyefundishwa mchezo huo ila Justine. Naye hakuichomoa. Asubuhi gari lilitoka mochwari bila shida yoyote, na tangu lifike hapa funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Akairudisha plagi, ikalia tik. Akakanyaga breki.

"Taa zimewaka!" watu wakashangilia nje, na Anjeline akaanza kumshukuru Mungu na Ochen kwa pamoja. Patroba alirudi na bisibisi yake, akairudisha mfukoni akinuna kidogo.

Mkono wa Justine ulikuwa tayari kwenye gia. Akauondoa. Ile baridi ilikuwa haijamwacha, na alisikia aibu, aibu ya kweli, ya kukamatwa na mwalimu. Akazima gari, akashuka.

"Unakwenda wapi tena?" Anjeline akalia. "Jua!"

"Nazunguka gari, dada."

Akapita mbele, akaingia upande wa pili, kwenye uchochoro mwembamba kati ya gari na ua wa minyaa ambako hakuna aliyekuwa na sababu ya kupita. Mama Asio alikuwa amekaa pale chini, kivulini, mgongo ameuegemeza kwenye minyaa. Miguu yake yote miwili ilikuwa imenyooshwa chini ya gari, mbele kabisa ya tairi la nyuma.

Justine alipiga magoti. Akaivuta ile miguu itoke chini ya gari.

"Mama," akasema, "unafanya nini hapa?"

"Nangoja," mzee akajibu, akimpapasa uso ajue ni nani. "Hamkuja kuniita, nikatoka mwenyewe. Ochen aliniambia nikae kwanza. Anasema gari bado."

Justine alimwinua, akampakia mbele kwenye kiti cha Anjeline, na Anjeline akaenda kukaa kwenye basi. Walifika Buteba jua likiwa limeegemea miti. Walimzika Ochen kabla ya giza, na Mama Asio akatupa udongo wake kwa mkono wake mwenyewe.

Watu walipotawanyika Justine alilizunguka gari, akaingia. Aliinama kwanza, akapapasa plagi. Ilikuwa mahali pake, imekaza. Akawasha injini, akakanyaga breki, akavuta gia, ikatoka kwenye P mara moja, laini, bila kumbishia. Hakuna aliyekuwa anamzuia tena. Akairudisha kwenye P, akalala juu ya usukani, akalia.